Umesomea kuajiri watu, wewe akuajiri nani?

KIJANA mwenzangu, pita leo kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, iwe Buguruni, Mbagala au Manzese, uulize kwa sauti: "Nani hapa ana shahada?" Usishangae ukiona mkono umenyanyuka. Ukimuuliza mwenye mkono huo kasomea nini, usishangae pia akikujibu: usimamizi wa rasilimali watu.

Mwenye shahada nyingine akikosa kazi, anajua tu kwamba amekosa. Huyu wa rasilimali watu anajua hatua kwa hatua jinsi alivyokoseshwa. Miaka mitatu kafundishwa kwamba nafasi ikiwa wazi itangazwe, maombi yachambuliwe kwa sifa, waombaji wote waulizwe maswali yaleyale, alama zijumlishwe, anayeongoza achukuliwe. Kafanyia mtihani, kafaulu, kavaa joho, mama kapiga vigelegele. Halafu anaingia mitaani na kukuta nafasi ilishajazwa kabla tangazo halijatoka.

Huyo si wa kuchekwa. Huyo ni shahidi. Na makala haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili yako wewe unayejaza fomu za chuo ukijiuliza kama kozi hiyo inalipa.

Najua kuna atakayesema: "Mwandishi mwenyewe umeishia sekondari, shahada zinakuhusu nini?" Zinanihusu sana. Kila kibarua, konda, mlinzi, mhudumu wa baa na mpiga chapa wa nchi hii, hatima yake iko mezani kwa mtu aliyesomea kozi hiyo. Huyo ndiye anayetuita, anayetupanga, anayetukata na anayetufukuza. Tukinyamaza kuhusu anavyopatikana, tumenyamaza kuhusu mkate wetu.

TULIKOTOKA

Kazi ya kusimamia watu haikuanza na vyuo. Wakati wa mkoloni wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao, SILABU, lililofanya kazi ya kukusanya watu kutoka mikoa ya mbali kama Kigoma na Songea na kuwapeleka mashambani. Waliokusanywa hivyo tuliwaita manamba, kwa sababu kule mtu alijulikana kwa namba. Kila mmoja alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulitoka kipande kikijaa. Aliyekuwa anaandika namba na kutia alama kwenye kipande ndiye babu wa meneja rasilimali watu wa leo. Alikuwa mtu wa bwana shamba, hakuwa mtu wa manamba.

Uhuru ulipokuja tulijaribu kumbadilisha. Sheria ya mwaka 1964 ilileta kamati za wafanyakazi, na bosi hakuweza tena kumtimua mtu papo hapo bila kamati kusikilizwa. Mwaka 1971 TANU ikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikawakemea viongozi wenye majivuno na ubabe. Wafanyakazi waliichukua ibara hiyo kama ilivyo, wakaanza kuwagomea mameneja waliokuwa wakiwanyanyasa. Wakubwa kuona watu wameamini maandishi yao, wakageuka. Waliogoma wakafukuzwa.

Ikaja miaka ya 1990 na ubinafsishaji. Mashirika ya umma yakapigwa mnada, na ofisa utumishi akawa mtu wa kubandika orodha ukutani. Baba zetu wengi walisoma majina yao kwenye karatasi hizo, wakarudi nyumbani na barua ya ridandansi mfukoni. Kuna watoto waliokatishwa shule wiki hiyohiyo.

Baadaye cheo kikabadilishwa jina. Ofisa utumishi akawa meneja rasilimali watu. Mtu akawa rasilimali, kama magogo na dhahabu. Vyuo navyo vikafungua milango. Mzumbe, iliyoanza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watendaji wa serikali za mitaa, ikawa IDM mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2001, na hiyo ndiyo kambi kongwe ya watu wa utawala. Wapo pia Ustawi wa Jamii, Chuo cha Utumishi wa Umma na vyuo binafsi vingi. Si kozi ya maabara wala ya mashine. Darasa na mwalimu vinatosha, na ada inaingia. Ndiyo maana kila chuo kinaitaka.

NANI ALIWAPITISHA?

Sasa tuulize swali ambalo wakubwa hawapendi kuulizwa. Wasomi hao wote wa kuajiri, wamewaajiri akina nani?

Aprili 28, 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti. Watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Baadhi walikata rufaa, lakini wengi waliondoka kazini. Gazeti zote ziliandika kuhusu wao. Hakuna aliyeandika kuhusu waliowapokea.

Hebu fikiri, msomaji. Mtu haingii serikalini kwa kuruka ukuta. Kuna dawati alipopeleka vyeti, kuna mtu aliyevikagua, kuna faili lililofunguliwa, kuna sahihi. Kama watu karibu elfu kumi walipita na karatasi za kughushi, basi walipita mbele ya macho ya maofisa wenye elimu ya kazi hiyo. Ama hawakuangalia, ama waliambiwa wasiangalie. Na uhakiki wenyewe haukuwagusa wateule wa kisiasa. Mhudumu wa zahanati alitakiwa kuonyesha cheti cha kidato cha nne, mkubwa aliyeteuliwa hakuulizwa.

Kabla ya hapo lilikuwa suala la watumishi hewa. Majina zaidi ya 19,000 yalikutwa kwenye orodha ya mishahara, wengine marehemu, wengine wastaafu, wengine hawakuwahi kuwapo. Marehemu hajazi fomu. Kuna mkono wa mtu hai uliokuwa unamwacha kwenye mfumo kila mwezi, na mwingine uliokuwa unachukua fedha.

Aliyelipa deni hilo ni nani? Ni wewe. Juni 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya na kupandisha watu vyeo ili isake watumishi hewa. Kijana aliyemaliza chuo mwaka huo, ambaye hajawahi kuiba hata kalamu ya ofisi, akafungiwa mlango kwa wizi wa watu waliokuwa ndani. Waliomaliza mwaka uliofuata wakamkuta palepale mlangoni.

Rudi nyuma kidogo, Juni 2014. Idara ya Uhamiaji ilitangaza nafasi 70. Waliofika kwenye usaili walizidi elfu kumi, ikabidi wapelekwe Uwanja wa Taifa, wakakaa kwenye viti vya mashabiki na kalamu mikononi kama wanasubiri Simba na Yanga. Picha zile zilizunguka dunia. Mwaka huohuo ajira nyingine 200 za idara hiyo zilisitishwa na wizara baada ya kelele kwamba ndugu na jamaa wamepeana. Elfu kumi wanakaa juani uwanjani, huku wengine wanaitwa kwa jina la ukoo.

SAFARI YA DODOMA

Tuwe wakweli. Sekretarieti ya Ajira ilipoanzishwa kwa marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma, ilikuwa hatua mbele. Zamani kila idara ilijiajiria yenyewe, na ukoo mmoja uliweza kujaza ghorofa nzima. Leo unaomba kwa kompyuta, mtihani wa kuandika unafanyika, na wapo watoto wa walalahoi wasiomjua mtu yeyote waliopata kazi kwa njia hiyo. Nawapongeza.

Lakini angalia gharama. Usaili mara nyingi ni Dodoma. Tangazo linakwambia wazi kwamba nauli, chakula na malazi ni juu yako, na uje na vyeti halisi. Kijana wa Temeke anakopa nauli ya basi, analala kwa mtu asiyemfahamu vizuri, anafanya mtihani wa kuandika na maelfu ya wenzake. Akipita, kuna wa mdomo. Anakopa tena. Akifaulu huo na nafasi zikawa zimejaa, anaambiwa jina lake limewekwa kwenye kanzidata, asubiri. Kanzidata si mshahara. Mama mwenye nyumba haipokei kanzidata kama kodi.

Mtoto wa kigogo naye anafanya usaili huohuo? Labda. Lakini hakopi nauli, na akikosa Dodoma ana milango mingine kumi ya kubisha. Wewe una mmoja.

Ukikimbilia sekta binafsi unakutana na mambo mengine. Tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu kwa kazi ya kuanzia. Uzoefu huo uupate wapi kama hakuna anayekuanzisha? Basi unaambiwa ujitolee. Unavaa shati jeupe, unafungua mafaili ya watu, unaandaa mishahara ya wenzako mwezi mzima, na jina lako halimo. Nauli unapewa na dada yako anayeuza vitenge. Kujitolea ni jambo zuri msibani na kwenye ujenzi wa zahanati. Kumjazia tajiri faida bila malipo ni jambo jingine, na lina jina lake.

Kuna na wale mawakala wa ajira. Kampuni kubwa ilikuwa haikuajiri yenyewe, ilikukodi kwa wakala, na wakala alikata chake kwanza. Mwaka 2014 kanuni zilitoka kupiga marufuku wakala kujifanya mwajiri, abaki na kazi yake ya kuunganisha watu. Angalia kitambulisho chako cha kazi, msomaji, halafu angalia jina lililoandikwa kwenye karatasi yako ya mshahara. Kama hayafanani, uliza.

Na ukipata kazi baada ya hayo yote, Bodi ya Mikopo inakusubiri. Asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Kulipa deni si dhambi, wadogo zetu nao wasome. Lakini Serikali inayojua kudai mkopo kwa ukamilifu namna hiyo, iwe pia na ukamilifu wa kuhakikisha aliyekopeshwa hanyang'anywi nafasi yake na kimemo.

KIMEMO

Hapa ndipo ilipo ngoma yenyewe. Sitakudanganya kwamba kozi haina maana. Kijana, kama umeipenda, kaisome. Kama uko mwaka wa pili, usiache. Lakini ujue unajiandalia nini.

Siku moja, Mungu akijalia, utakaa kwenye dawati lile. Utakuwa na mhuri, na faili la waombaji 300 mbele yako. Halafu kimemo kitakuja. Zamani kililetwa na tarishi ndani ya bahasha ya kaki. Siku hizi kinaingia kwenye simu: jina la kijana, namba yake, na maneno matatu tu, "huyo ni wangu". Aliyekituma ana uwezo wa kukuhamisha kesho. Hakuna mwalimu wa chuo aliyekutungia swali hilo kwenye mtihani.

Siku hiyo ndipo tutajua kama ulisoma au ulihudhuria. Ukikipokea, utakuwa umemrudisha kijiweni kijana mwingine kama ulivyokuwa wewe, mwenye shahada kama yako na deni kama lako. Na usijifariji kwamba ni utamaduni tu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inasema kutumia madaraka vibaya ili kumpatia mtu faida isiyo halali ni kosa. Undugu haukutajwa kama msamaha.

Lakini hata kabla hujapata dawati, shahada yako ina kazi. Wewe umesoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Wenzako kijiweni hawajaisoma. Waambie basi.

Waambie kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa kabila, mahali mtu anakotoka, dini, jinsia na hata maoni ya kisiasa, na kwamba kinamlinda hata anayeomba kazi, si aliyeajiriwa tu. Anayekunyima kazi kwa sababu alikuona kwenye mkutano wetu wa hadhara, amevunja sheria ya nchi.

Waambie saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na kinachozidi kinalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mlinzi anayekesha siku saba kwa wiki na kuambiwa "ndiyo kazi ilivyo", anaibiwa.

Waambie mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na kesi ikifika mbele bila mwajiri kuyaleta maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Vijana wengi wanakata tamaa wakisema "sina mkataba, nitasema nini?" Sema. Kutokuwa na karatasi ni kosa lake kabla halijawa kosa lako.

Waambie kufukuzwa kazi kunataka sababu ya haki na utaratibu wa haki, na mwajiri ndiye wa kuthibitisha vyote viwili. Ila kinga hiyo haimfikii ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo, na hapo ndipo wajanja wanapopenyea. Tunza kila kitu kinachoonyesha siku uliyoanza kazi.

Na waambie siku zinahesabiwa. Aliyefukuzwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai mengine ni siku 60. Wenzetu wengi wanapoteza haki kwa sababu wanasubiri bosi apoe hasira. Bosi anapoa siku ya 31.

Kijana mmoja anayeyajua haya kijiweni anawafaa watu wengi kuliko meneja mmoja anayeyajua na kuyaficha.

TUNATAKA NINI?

Chama tawala kimeshika nchi tangu Uhuru mwaka 1961, kwanza kikiitwa TANU, kisha CCM. Hakiwezi kusema hakijapata muda. Tunataka haya.

Alama za usaili wa umma, za kuandika na za mdomo, ziwekwe hadharani kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Anayetolewa kwenye kanzidata ionekane kwa zamu ipi ametolewa, na nani alikuwa mbele yake. Mwenye haki haogopi orodha.

Usaili umfuate mwombaji mkoani kwake kwa kila kada. Asiye na nauli naye ni raia.

Ofisa anayekataa kimemo alindwe, na jina la aliyekiandika litajwe. Leo anayekataa ndiye anayehamishwa, anayekubali ndiye anayepandishwa.

Na kila uhakiki utakaofanyika tena, wahakikiwe wote, wateule wa kisiasa wakiwa wa kwanza. Aliyempitisha mwenye cheti cha kughushi aandikwe kwenye orodha moja na mwenye cheti.

Nasi wa upinzani tusijifanye malaika. Kwenye ofisi za vyama vyetu nako kuna katibu anayemwita mpwa wake, na kuna mlinzi asiye na mkataba. Hatuwezi kudai mlangoni pa Ikulu kile tunachokikataa kwenye ofisi ya kata. Mwanachama, kaulize ofisini kwako: dereva wa chama alipatikanaje?

Kijana mwenzangu uliye kijiweni na shahada yako kwenye bahasha ya nailoni, usiichane. Nchi hii haina uhaba wa watu wanaojua jinsi kazi zinavyotakiwa kutolewa. Wewe ni mmoja wao, na una ushahidi wa jinsi zinavyotolewa kwa kweli. Sema unachokijua. Wanaoandika vimemo wanategemea sana kwamba utaendelea kunyamaza na kusubiri cha kwako.